Mzazi atufundishe kuchagua, asituchagulie



Uchaguzi wa viongozi wa kambi ukikaribia, katika nyumba nyingi za Wakristo huku Uganda mazungumzo yanafanana. Baada ya sala ya jioni, mzazi anamwita kijana wake aliyefikisha miaka 18 na kumwelekeza kuhusu kura. Mmoja anasema: "Mtoto yangu, politike njo ilitukimbiza kwetu. Mtu wa Mungu asiingilie mule." Mwingine anasema: "Ule ni wa kanisa letu, utamupatia kura." Wa tatu anashusha sauti kidogo: "Tumuchague wa kwetu, wa luga yetu." Na kuna wengine wanaoongeza neno zito kabisa, kwamba ukienda kinyume na mimi, usitegemee baraka zangu.

Hatuandiki ili kuwacheka wazazi wetu. Wametubeba mgongoni kuvuka mpaka, na mengi tunayoyajua kuhusu Mungu tuliyasikia kwanza kwao. Lakini tuna jambo la kusema. Mzazi Mkristo ana haki ya kumfundisha mtoto wake kupiga kura kwa imani, hata ni wajibu wake. Ila kumfundisha kuchagua ni kazi moja, na kumchagulia ni kazi nyingine. Jina la mgombea likitajwa pamoja na baraka au laana, hapo mzazi ameacha kufundisha imani, anafanya kampeni.

Tuanze na wale wanaosema siasa si ya mtu wa Mungu. Hofu yao tunaielewa. Wazee wetu wengi walikulia Zaire, wakati kila mwananchi alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR tangu siku ya kuzaliwa, na mwaka 1984 mgombea wa urais alikuwa mmoja tu, Mobutu. Mtu aliyekulia katika kura ya namna hiyo, halafu akaona vita vikija mara baada ya mara, ni vigumu kumwambia kwamba karatasi ya kura inasaidia. Anaposema siasa ndiyo ilitukimbiza, hasemi uongo.

Lakini tuwakumbushe wazazi jambo ambalo wao wenyewe walituhadithia. Tarehe 16 Februari 1992, Wakristo wa Kinshasa walitoka barabarani kudai Kongamano la Taifa lifunguliwe tena, baada ya serikali kulisimamisha. Wale hawakuwa na silaha. Walitoka kwenye parokia zao na Biblia, rozari na mishumaa. Wanajeshi waliwapiga risasi, na wengi walikufa. Miezi miwili baadaye, Aprili, kongamano lilifunguliwa tena, na aliyeliongoza alikuwa askofu, Laurent Monsengwo. Je, wale waliokufa na rozari mkononi tutasema walikuwa wameacha imani na kuingia dunia? Makanisa yetu yanawakumbuka mpaka leo.

Tuwakumbushe na Beni. Desemba 2018, tume ya uchaguzi iliahirisha kura ya Beni, Butembo na Yumbi mpaka Machi 2019. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo zilikuwa Ebola na usalama. Rais mpya aliapishwa Januari 2019, kwa hiyo watu wa huko hawakuhesabiwa katika kumchagua. Lakini tarehe 30 Desemba, siku ya kura, watu wa Beni walijipanga wenyewe na kupiga kura yao, wakijua kabisa kwamba hakuna atakayeihesabu. Watu wengi wa Beni wanajaza makanisa. Siku hiyo ilikuwa Jumapili, na hakuna aliyewaambia kwamba wamemkosea Mungu kwa kusimama kwenye foleni ya kura.

Wapo pia wazazi wanaosema kwamba viongozi wote wanawekwa na Mungu, basi sisi kazi yetu ni kuomba na kunyamaza. Sisi tunasoma Biblia hiyohiyo. Daudi alipakwa mafuta na Samweli akiwa kijana, kwa amri ya Mungu. Hata hivyo hakuingia kwenye kiti siku ileile. Miaka ilipita, kisha wazee wa Israeli wote wakamfuata Hebroni, wakafanya naye agano, ndipo akawa mfalme wao. Mungu alikuwa amechagua, na watu nao waliulizwa. Kama Mungu hakuona vibaya watu waulizwe kuhusu Daudi, hawezi kuona vibaya sisi tuulizwe kuhusu mwenyekiti wa bloku.

Na hii kura ya kambi, wengine wanaiona ndogo. Tuangalie tulicho nacho. Sheria za Uganda hazituruhusu kupiga kura katika uchaguzi wa nchi, na hilo tunaliheshimu. Kongo nayo, mwaka 2023, kwa mara ya kwanza iliruhusu raia wake walio nje kupiga kura, lakini katika nchi tano tu: Afrika Kusini, Ubelgiji, Ufaransa, Kanada na Marekani. Uganda haikuwemo, Tanzania haikuwemo, Burundi haikuwemo. Hata ndugu zetu waliobaki Masisi na Rutshuru hawakupiga kura mwaka huo kwa sababu ya vita. Kwa hiyo kwa kijana aliyekulia Nakivale, Kyangwali, Kyaka II au Rwamwanja, kura ya RWC ndiyo kura pekee aliyo nayo. Ndiyo shule yake ya uraia. Akijifunza hapa kwamba kura ni ya kanisa, ya kabila au ya kilo ya unga, siku atakayorudi nyumbani atarudi na somo hilo.

Sasa tuje kwa wale wanaosema, mpigie mtu wa kanisa letu.

Ushauri huu unaonekana mzuri. Mtu wa kanisa si ataogopa Mungu? Huenda. Lakini nchi yetu imeshajaribu njia hiyo, tena juu kabisa. Kongo, madhehebu ya dini ndiyo yanayopendekeza mwenyekiti wa tume ya uchaguzi. Mwaka 2006 tume iliongozwa na padri Mkatoliki, Apollinaire Malu Malu. Mwaka 2011 iliongozwa na mchungaji wa Kimetodisti, Daniel Ngoy Mulunda. Na mwaka huo wa 2011, matokeo yalipotangazwa na tume iliyoongozwa na mchungaji, aliyesimama kusema kwamba hayaendani na ukweli wala haki alikuwa kardinali, Monsengwo yuleyule wa kongamano la 1992. Mwaka 2021 madhehebu manane yalikutana kuchagua jina la mwenyekiti mpya, yakashindwa kupatana: sita yalikuwa upande mmoja, Wakatoliki na Waprotestanti wa ECC upande mwingine.

Hatusemi haya kumchafua mtumishi yeyote. Tunachosema ni kwamba kola ya uchungaji haijawahi kuhesabu kura vizuri zaidi kuliko mkono wa mtu mwaminifu. Kama watumishi wa Mungu wenyewe hawakukubaliana nani mkweli, mzazi hawezi kumwambia mtoto, "Ni wa kanisa letu, imetosha." Bado kuna maswali ya kuuliza.

Biblia imetupatia maswali hayo, na yaliletwa na mzazi. Katika Kutoka sura ya 18, Musa alikuwa anachoka kusikiliza kesi za watu kutoka asubuhi mpaka jioni. Baba mkwe wake, Yethro, alimwona, akamshauri achague viongozi wa kumsaidia: wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Ukiangalia vizuri, ni kama RWC I, II na III. Yethro hakumtajia Musa jina hata moja. Hakusema mchague mpwa wangu, hakusema mchague Mmidiani. Alimtajia sifa: watu wanaoweza kazi, wanaomcha Mungu, wasiosema uongo, na wanaochukia hongo. Akamwachia Musa kazi ya kuwatafuta.

Tuangalie mpangilio wake. Uwezo umetajwa. Uchaji wa Mungu umetajwa. Ukweli na kuchukia hongo vimetajwa pia. Yethro hakuona kwamba ukisema "anamcha Mungu" umemaliza yote. Tena Yethro mwenyewe hakuwa Mwisraeli, alikuwa kuhani wa Midiani. Musa angefuata kanuni ya "wa kwetu tu," asingesikia ushauri huo.

Hapa tunagusa jambo ambalo linaumiza nyumba nyingi. Kuna wazazi wanaosema, "Mukristo hawezi kumupatia Muislamu kura." Kambini tunaishi na Waislamu kutoka Maniema, na Nakivale wapo Wasomali wengi. Tuseme mgombea mmoja ni shemasi wa kanisa letu, lakini kila mtu anajua anachukua pesa ya watu kabla ya kuwaandikia barua. Mwingine ni Muislamu ambaye mwaka mzima amekuwa akitembea na wagonjwa mpaka kituo cha afya bila kuomba kitu. Kwa kipimo cha Yethro, ni nani anayechukia hongo? Tunaamini Yesu mwenyewe alishajibu swali hilo aliposimulia habari ya Msamaria. Kuhani alipita, Mlawi alipita, na aliyesimama alikuwa mtu wa imani ambayo Wayahudi waliidharau.

Na ushauri wa tatu, ule wa kushusha sauti, "tumuchague wa kwetu."

Huu ndio tunaouogopa zaidi. Katika makambi haya wamo Wanande wa Beni, Wahema na Walendu wa Ituri, Wabembe wa Fizi, Banyamulenge wa Minembwe, Wahutu na Watutsi wa Masisi na Rutshuru, Warundi, Wanyarwanda, Wasudani Kusini. Tunachota maji kwenye bomba moja. Tukipiga kura kwa lugha, kabila lenye watu wengi katika bloku litashinda kila mara, na wale wachache watajua mapema kwamba hawana wa kuwasemea. Tuliona kwetu mambo ya namna hiyo yanaishia wapi. Kama politike ilitukimbiza kweli, basi ni politike hii ya "wa kwetu" iliyotukimbiza. Mzazi hawezi kuikimbia Kongo halafu akaipika tena jikoni kwake kambini.

Wakristo wa kwanza walipata shida hiyohiyo, tena juu ya chakula. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasema kwamba wajane waliozungumza Kigiriki walikuwa wanasahauliwa katika mgao wa kila siku, na watu wao wakaanza kunung'unika dhidi ya Waebrania. Kila mtu aliyewahi kusimama kwenye foleni ya chakula kambini anaijua hadithi hii bila kufundishwa. Mitume hawakusema wanung'unikaji ni wakorofi. Hawakuwateua watu wao pia. Waliita kanisa lote, wakawaambia watu wenyewe wachague saba wenye sifa njema, wenye Roho na hekima. Halafu tusome majina ya waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena na Nikolao. Yote ni majina ya Kigiriki. Kanisa lilipeleka kazi ya chakula mikononi mwa watu wenye majina ya upande uliolalamika. Hilo ndilo tungependa wazazi watufundishe baada ya sala ya jioni.

Na jambo hili si la zamani. Mwaka 2023 WFP ilianza kugawa familia za wakimbizi Uganda katika makundi kufuatana na kiwango cha shida zao, na msaada ukatofautiana kwa kundi. Familia ikiwekwa kundi lisilofaa, inahitaji mtu wa kuisaidia kupeleka malalamiko yake mahali panapotakiwa. Mara nyingi mtu wa kwanza kumwendea ni kiongozi wa RWC I. Kama tulimchagua kwa sababu ya lugha, mjane wa lugha nyingine atasita hata kubisha mlango wake. Kura yetu inaweza kufika mpaka kwenye sufuria ya jirani.

Jambo lingine ni siri ya kura. Kuna bloku ambako kura ya kambi inapigwa kwa kujipanga mstari nyuma ya mgombea. Hata wenyeji wa Uganda, Julai 2018, walichagua viongozi wa LC1 kwa njia hiyo. Ni njia rahisi, haina gharama, na kila mtu anajihesabia mwenyewe. Lakini kwa kijana Mkristo ni mtihani. Baba amesimama mstari huu, mchungaji anatazama, mama mkwe anatazama. Ukienda mstari wa pili, umeshatangaza vita nyumbani. Wengi wanaamua kumfuata baba, na wengine wanabaki nyumbani kabisa. Nyumba ya watu saba wenye haki ya kura inatoa sauti moja.

Makanisa ya jirani zetu Kenya yaliliona tatizo hili kabla sisi hatujazaliwa. Mwaka 1986 chama cha KANU kiliamua kutumia mfumo wa mstari, uliojulikana kama mlolongo, na mwaka 1988 ukatumika kuteua wagombea wa ubunge. Baraza la makanisa, NCCK, liliupinga. Maaskofu kama Alexander Muge, Henry Okullu na David Gitari walisema waziwazi. Hoja moja ya viongozi wa dini ilikuwa hii: mchungaji akisimama nyuma ya mgombea mmoja mbele ya watu, atawachungaje kesho waliosimama nyuma ya mwingine? Miaka michache baadaye KANU yenyewe iliuacha mfumo huo. Tunaona ajabu kwamba kanisa liliteseka kutetea siri ya kura, halafu mzazi wa kanisa hilohilo anamlazimisha mtoto amwonyeshe kura yake.

Sasa tunaomba nini?

Kwa wazazi: tuulizeni maswali, msitupatie majina. Mkae na sisi jioni, mseme, "Mgombea huyu, mjane wa kabila lingine akiachwa kwenye orodha, ataenda kumuulizia? Anaweza kuandika barua na kuipeleka OPM? Amewahi kuchukua pesa ya mtu ili amsaidie? Akikosa kura, atakubali?" Tukimaliza kujibu, tuombe pamoja, halafu kila mtu abaki na jibu lake. Na baraka za mzazi zisiwekwe kwenye mizani ya kura. Baraka ni kitu kikubwa mno kwetu kuuzwa kwa kiti cha mwenyekiti wa bloku.

Kwa wachungaji: mimbari isiwe ya mgombea mmoja. Kama mnawaruhusu wagombea kusalimia waumini, muwaruhusu wote kwa dakika sawa, hata yule wa dini nyingine. Kama haiwezekani, basi asisalimie yeyote.

Kwa wafanyakazi wa mashirika na wasimamizi wa uchaguzi: pale panapowezekana, tupatieni sanduku na karatasi badala ya mstari. Wale wasiojua kusoma wawekewe picha za wagombea. Na siku ya kura isiwe Ijumaa mchana, wala Jumamosi, wala Jumapili asubuhi. Kuna Waislamu, kuna Wasabato, kuna sisi wengine. Mtu asilazimike kuchagua kati ya ibada na kura.

Kwa vijana wenzetu: tusiwajibu wazazi kwa dharau, eti wao ni watu wa zamani. Tukisema kura ni ya dhamiri, basi dhamiri hiyo iwe safi. Kijana anayemkatalia baba yake jina la mgombea, halafu anakubali soda na sabuni ya mgombea mwingine, hajapigania uhuru wowote, amebadilisha tajiri tu. Tuwaulize wazazi wanavyoona, tusikilize mpaka mwisho, kwa sababu wanawajua watu kuliko sisi. Wakati mwingine mgombea wanayempenda ndiye anayefaa kweli, na hapo tusikatae kwa ubishi. Lakini tumpigie kwa sababu tumemwona anafaa.

Papa na mama, mlitufundisha kwamba kila mtu atasimama peke yake mbele za Mungu kujibu matendo yake. Kura ni tendo mojawapo. Basi tubarikini asubuhi kabla hatujaenda kupiga kura, na jioni tukirudi msituulize tulimpa nani.